Mageuko na uhandisi jeni kidato cha nne hadi cha sita bila maabara kamili: vitendo gani vinafaa?

chaki_na_ubao aliuliza:

Habari za kazi, wadau wa baiolojia. Naomba mawazo kuhusu mada mbili ambazo mara nyingi hufundishwa kwa chaki peke yake: mageuko na uhandisi jeni.

Kwenye mageuko, mwanafunzi anaandika vizuri "viumbe vilivyozoea mazingira huishi", lakini ukimbana anasema mdudu alijibadilisha rangi kwa sababu aliona hatari. Kwenye uhandisi jeni anakariri hatua za kutengeneza insulini, ila ukimuuliza kwa nini kimeng'enya kilekile lazima kikate jeni na plasmidi (pete ndogo ya DNA ya bakteria) pia, ananyamaza.

Darasa lina wanafunzi 60, vipindi viwili vya dakika 40 kwa kila mada. Hakuna mashine ya kutenganishia vipande vya DNA, hakuna friji ya maabara. Vifaa viwe vya sokoni au vya duka la vitabu. Nahitaji vitendo vinavyotoa namba au kitu cha kushika, pamoja na makosa ya kuyatarajia. Na kama kuna namna ya kuziunganisha mada hizi mbili ziwe somo moja, nitashukuru sana.

---

jeni_na_jamii alijibu:

Mwalimu, anza na kuhesabu. Wazo la "mdudu alijibadilisha" haliondoki kwa maelezo. Linaondoka pale mwanafunzi anapoona kwa mikono yake kwamba hakuna aliyebadilika, isipokuwa hesabu ya kundi ndiyo iliyobadilika.

Kitendo cha kwanza: kitenge. Kila kundi la wanafunzi 6 lipate kipande cha kitenge chenye maua mengi, kama mita moja kwa mita moja. Kwa mashine ya kutobolea karatasi toboa vidoti vya rangi tano, 20 kila rangi, jumla 100. Vimwage, vitawanye. Wanafunzi wanne ni ndege: kila mmoja anageuka nyuma, anarudi kutazama, anaokota kidoti cha kwanza alichokiona, anageuka tena. Endeleeni hadi vibaki 25. Kung'uta kitenge, hesabu kila rangi imebaki na ngapi, kisha kila aliyepona aongezewe watoto watatu wa rangi yake. 25 pamoja na watoto 75 ni 100 tena. Vizazi vitatu vinatosha kuona mwelekeo.

Kinachoharibika: ndege wasipogeuka nyuma wanachambua taratibu, na rangi zote zinaokotwa karibu sawasawa. Ukitumia mbegu badala ya vidoti, mbegu kubwa inaokotwa kwanza hata kama rangi yake inajificha, kwa hiyo unapima ukubwa bila kujua. Na kundi lisilohesabu waliopona kabla ya kuongeza watoto huishia na vidoti 110 au 90.

Makundi nusu yatumie kitenge cha rangi nyingine kabisa. Rangi iliyoshinda huku itashindwa kule, na hapo hoja kwamba kuna rangi "bora" kwa asili yake inakufa bila wewe kusema neno. Halafu uliza maswali mawili tu: kuna kidoti kilichobadilika rangi? Nani aliacha watoto?

Kitendo cha pili: selimundu na malaria. Hiki ndicho ningekipa muda mrefu, kwa sababu mfano ni wa kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wenye aleli (toleo la jeni) moja ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, yaani AS, wanapata kinga fulani dhidi ya malaria.

Mfuko usioonyesha ndani, maharage mekundu 75 (aleli A) na meupe 25 (aleli S). Yawe na ukubwa mmoja, la sivyo vidole vitachagua. Chomoa mawili mawili bila kutazama, kila jozi ni mtu mmoja, jumla watu 50. Kanuni:

- SS wanaondolewa wote.
- AS wanabaki wote.
- AA kila mmoja anarushiwa dadu. Ikitoka 1 anaondolewa kwa malaria.

Tuseme umepata AA 28, AS 19, SS 3. SS wanatoka. Kati ya AA 28, dadu itaondoa kama 5, wanabaki 23. Hesabu aleli zilizosalia: A ni 46 + 19 = 65, S ni 19. Jumla 84. S ni 19/84, karibu 0.23. Rudisha mfukoni maharage 100 kwa uwiano huo: 77 mekundu, 23 meupe. Rudieni.

Kundi la pili lifanye hivyohivyo bila dadu, yaani nchi isiyo na malaria. Hapo hesabu inatabirika: S huanza 1/4, halafu 1/5, 1/6, 1/7, 1/8. Inapungua, lakini kila kizazi polepole zaidi, kwa sababu S nyingi zimejificha ndani ya AS ambao hawaguswi. Kwenye malaria, S haitoweki. Inashuka hadi karibu 1/7 na kutulia hapo. Namba hiyo inatokana na hasara ya AA (1/6) ukigawa kwa jumla ya hasara za AA na SS (1/6 + 1). Kidato cha sita waikokotoe wenyewe.

Watu 50 ni wachache, kwa hiyo kundi moja linaweza kupanda wakati majirani wanashuka. Usilifute tokeo hilo. Hiyo ni bahati nasibu ya jeni, nayo ni sehemu ya mageuko. Jumlisha matokeo ya makundi yote ubaoni, na mstari utakaa sawa.

---

Pipeti alijibu:

Naunga mkono maharage. Na kwa kuwa umeuliza namna ya kuunganisha, baki na jeni hiyohiyo ya selimundu ukivuka kwenda uhandisi jeni. Mwanafunzi asiachie uzi.

Andika ubaoni kipande cha jeni ya beta globini (sehemu ya hemoglobini), uzi wa juu tu:

Kawaida: CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT
Selimundu: CTG ACT CCT GTG GAG AAG TCT

Herufi moja, A kuwa T, kwenye kodoni (herufi tatu) ya 6 ya jeni, ambayo ni ya nne kwenye kipande hiki. Asidi ya glutamiki inaondoka, valini inaingia. Sasa wape kimeng'enya kinachoitwa MstII. Kinatafuta CCT, herufi yoyote, kisha AGG. Waambie watafute kwenye kipande cha kawaida na cha selimundu. Kwenye ya kawaida kipo: CCTGAGG. Kwenye ya selimundu kimevunjika: CCTGTGG. Kwa hiyo DNA ya kawaida inakatwa kuwa vipande viwili, cha jozi za besi 1,150 na cha 200. Ya selimundu inabaki kipande kimoja cha 1,350. Chora ubaoni njia tatu za AA, AS na SS, waweke mistari wenyewe, mmoja kwa kila ukubwa wa kipande. AA ina miwili, SS mmoja, AS mitatu. Ukiona mwanafunzi amempa AS mistari miwili, amesahau kwamba mtu ana nakala mbili za jeni, na ni heri ulijue hilo leo kuliko kwenye mtihani.

Hapo umefundisha kimeng'enya cha kukata bila mashine yoyote. Nenda kwenye plasmidi.

Vifaa kwa kila kundi: karatasi za rangi mbili, mkasi, selotepu, rula. Kata tepe za upana wa sentimita 4. Herufi moja kila sentimita moja.

Utepe wa plasmidi, nyuzi zote mbili:

ATGCCGAATTCGGTACTTAGC
TACGGCTTAAGCCATGAATCG

Ungeni ncha zake kuwa pete, herufi zikitazama nje.

Utepe wa jeni, wape uzi wa juu tu, wa chini waujaze wao:

CCGAATTCATGTTTGTGAACCAACACTAAGAATTCGG

Katikati, baada ya ATG, kuna kodoni tano za mwanzo wa mnyororo B wa insulini ya binadamu: fenilalanini, valini, asparajini, glutamini, histidini. TAA ni kituo. Wakitafsiri kwa jedwali la kodoni wanaona ni protini halisi, na hamasa inapanda.

Kimeng'enya ni EcoRI, kinatafuta GAATTC. Uzi wa juu kinakata baada ya G ya mwanzo. Uzi wa chini, ukiusoma kushoto kwenda kulia CTTAAG, kinakata kabla ya G ya mwisho. Mkasi unapita kama ngazi: shuka, pita katikati ya nyuzi mbili kwa herufi nne, shuka tena. Zinabaki ncha zenye AATT zinazoning'inia. Pete inafunguka, jeni inatoka kwenye utepe wake, ncha zinakutana, selotepu ndiyo ligesi, kimeng'enya kinachounga DNA.

Makosa utakayoyaona:

Wengi hukata moja kwa moja kama wanakata utepe wa kawaida. Waache waunge. Watagundua kwamba hakuna herufi zinazoshikana, na wataelewa ncha nata zina kazi gani. Vilevile, kundi moja lipewe utepe wa jeni wenye AAGCTT badala ya GAATTC kwenye pande zote mbili, walikate kwa HindIII, kisha wajaribu kuliweka kwenye plasmidi iliyokatwa kwa EcoRI. AGCT haishiki AATT. Lile swali lako la "kwa nini kimeng'enya kilekile" limejibiwa mezani.

Kosa jingine ni uzi wa chini kuandikwa nakala ya uzi wa juu badala ya jozi yake. Kagua kabla ya mkasi.

Halafu uliza: plasmidi ikijifunga yenyewe bila jeni, itakuwaje? Na jeni ikiingia kichwa chini? Yote mawili hutokea maabara. EcoRI peke yake inaruhusu pande zote, kwa hiyo watu hutumia vimeng'enya viwili tofauti, kimoja kila upande. Na ndiyo maana plasmidi hubeba jeni ya kustahimili ampisilini: bakteria isiyobeba plasmidi inakufa kwenye sahani yenye dawa. Ila angalia, ampisilini inathibitisha plasmidi imeingia, haithibitishi jeni ya insulini imo. Wanafunzi huchanganya hapo kila mara.

Jambo la mwisho kuhusu insulini. Ukichukua jeni nzima kutoka kromosomu ya binadamu ukaiweka kwenye bakteria, haitafanya kazi, kwa sababu ina introni (vipande visivyobeba maelekezo ya protini) na bakteria haziwezi kuzikata. Njia moja ni kuanzia mRNA (nakala ya jeni) iliyokwisha kuondolewa introni na kuigeuza kuwa DNA. Lakini insulini ya kwanza ya bakteria, mwaka 1978, haikufanywa hivyo: DNA iliundwa kwa kemikali, mnyororo A wenye asidi amino 21 na mnyororo B wenye 30 vikazalishwa kwenye bakteria tofauti, kisha vikaunganishwa. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1982.

Na sasa ule uunganisho: EcoRI haikubuniwa na mtu. Ni silaha ya bakteria dhidi ya virusi vinavyozishambulia, zao la uteuzi asilia uleule wa kwenye kitenge. Bakteria hufunika GAATTC zake kwa kikundi cha methili ili asijikate mwenyewe. CRISPR, zana ya kuhariri jeni, nayo ni hivyohivyo, kinga ya bakteria. Chombo cha uhandisi jeni kimetoka mikononi mwa mageuko.

---

chaki_na_ubao aliandika:

Asanteni mno, hili la MstII sikulifikiria kabisa. Maswali matatu ya haraka. Moja: darasani anaweza kuwepo mwanafunzi mwenye selimundu, na kanuni ya "SS wanaondolewa wote" inaweza kumuumiza. Mbili: kutoa DNA kwenye ndizi, mara nyingi kinachopatikana ni ute mweupe usio na nyuzi. Tatizo liko wapi? Tatu: lile swali la "kwa hiyo babu yetu ni nyani?" mnalijibuje bila kugombana na darasa?

---

jeni_na_jamii alijibu:

La kwanza umefanya vema kuliuliza. Usiulize darasa nani ana nini, wala usipime mtu. Sema wazi kabla ya kuanza kwamba mfano unaiga maelfu ya miaka ambapo hakukuwa na tiba. Leo kuna dawa ya haidroksiyurea, kuna kinga ya maambukizi tangu utotoni, na watu wenye SS wanasoma, wanafanya kazi, wanazaa. Kuanzia hapo ongeza mzunguko mmoja: SS nusu wabaki. Wanafunzi waone jinsi tiba inavyobadilisha hesabu. Tumia "kuondolewa", acha "kufa".

Hapo pia kuna nafasi ya kuwaeleza tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Wengi hudhani inarekebisha ile herufi T kuwa A. Hapana. CRISPR inakata sehemu inayoendesha jeni ya BCL11A kwenye seli za uboho, breki ya hemoglobini ya kichanga inalegea, na mgonjwa anatengeneza hemoglobini ile ya tumboni mwa mama. Herufi ya selimundu ipo palepale. Bei ya Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na darasa lijadili maana yake kwa nchi zenye wagonjwa wengi kama zetu.

La tatu: jibu ni kwamba binadamu na sokwe wana babu mmoja wa zamani, aliyeishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, naye hakuwa sokwe wa leo. Chora matawi mawili, usichore ngazi. Kisha waonyeshe ushahidi ulio nchini Tanzania: nyayo za Laetoli, miaka milioni 3.6, zilizogunduliwa mwaka 1978. Fuvu la Olduvai la mwaka 1959, miaka milioni 1.75. Mwanafunzi hatakiwi kuacha imani yake ili ajibu swali la mtihani, anatakiwa aeleze ushahidi unasema nini. Ukiliweka hivyo mapema, kelele hupungua.

---

maabara_jikoni alijibu:

Kuhusu ndizi: tatizo karibu kila mara ni spiriti. Ile ya kusafishia mikono ina maji mengi mno. Tafuta ya asilimia 90 kwenda juu, na iwe baridi sana, imelala kwenye barafu ya dukani angalau nusu saa.

Kipimo kinachofaa kwa kundi moja:

Maji ml 100, chumvi nusu kijiko cha chai, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ml 10. Koroga polepole bila povu. Ponda nusu ndizi mbivu, au gramu 50 za kitunguu kilichokatwa vidogo, ndani ya mfuko wa plastiki. Ongeza mchanganyiko, ponda tena dakika 2. Weka chombo kwenye maji ya karibu nyuzi 60 kwa dakika 10 hadi 15. Huna kipimajoto, changanya maji yaliyochemka na maji ya kawaida nusu kwa nusu. Poza. Chuja kwa chachi au kitambaa safi, usikamue. Chukua ml 10 za majimaji kwenye bomba la kioo au glasi nyembamba, inamisha, mimina spiriti ml 10 taratibu kupitia ukuta wa glasi ili ielee juu. Acha dakika 5 bila kutikisa. Nyuzi zinatokea pale tabaka mbili zinapokutana, unazizungusha kwa kijiti.

Sabuni inavunja utando wa seli na wa kiini, chumvi inazuia nyuzi za DNA kusukumana, spiriti inaifanya DNA ishindwe kuyeyuka. Ukisaga kwa mashine ya juisi DNA inakatika vipande vifupi na unapata mawingu badala ya nyuzi. Ukikoroga spiriti na majimaji, tabaka zinapotea.

Ndizi ina pektini nyingi, nayo huganda kwenye spiriti. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi ukweli: anachokiona ni DNA pamoja na pektini na protini. Kitunguu kinatoa nyuzi safi zaidi. Matone machache ya maji ya papai bichi, kabla ya spiriti, husaidia kumeng'enya protini.

Spiriti inashika moto haraka. Jiko lililochemshia maji lizimwe na litolewe chumbani kabla chupa haijafunguliwa.

---

bungua alijibu:

Nyongeza moja kwa Pipeti. Mageuko pia hurudi kudai chake baada ya uhandisi jeni kumaliza kazi, na mfano upo shambani. Mahindi ya Bt yana jeni ya bakteria inayotengeneza protini yenye sumu kwa bungua (funza wa mabua). Afrika Kusini ilianza kuyalima mwaka 1998. Kufikia 2007 ikaripotiwa kwamba bungua aina ya *Busseola fusca* wamestahimili. Kenya imeruhusu pamba ya Bt, ikapandwa na wakulima kuanzia 2020, kwa hiyo swali hili ni la jirani.

Kinga yake ni kutenga sehemu ya shamba ipandwe mbegu isiyo ya Bt, ili wadudu wasiostahimili wabaki na kujamiiana na wale wachache waliostahimili. Tumieni mfuko uleule wa maharage kupima wazo hilo. Nyekundu 90 (r), nyeupe 10 (R, kustahimili). Asilimia 20 ya wadudu wako kwenye sehemu isiyo ya Bt na wanapona wote.

Ikiwa ustahimilivu unahitaji R mbili, kizazi kijacho R inapanda kutoka 0.10 hadi karibu 0.135. Ikiwa R moja inatosha, inapanda hadi karibu 0.28, kwa kizazi kimoja tu. Shamba bila sehemu iliyotengwa, katika hali ya kwanza, wanaobaki ni RR peke yao, R inakuwa 1.00 papo hapo.

Watafiti walipompima *Busseola fusca* wa Afrika Kusini, walikuta ustahimilivu wake ni tawala. R moja ilitosha. Sehemu iliyotengwa ilikuwa imepangwa kwa hesabu ya hali ya kwanza, na wakulima wengi hata hiyo hawakuipanda.

Kwa mifuko ya makundi tumia wadudu 50 kama jeni_na_jamii alivyoeleza, ila R 10 ni chache na bahati itavuruga. Jumlisha makundi yote 10 ya darasa lako la 60 kabla ya kuchora grafu.